Kukohoa zaidi baada ya kuacha sigara

Swali: Ndugu zangu, tangu niache sigara nakohoa kuliko nilipokuwa nikivuta, hasa asubuhi, na makohozi ni ya kahawia. Je, ni kawaida?

Jibu: Mara nyingi ndiyo, kwani vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa, ambavyo moshi ulikuwa umevidhoofisha, huanza tena kusukuma nje uchafu uliokwama, na hali hiyo huweza kudumu wiki kadhaa. Ukiona damu, muone daktari mara moja.

Jibu: Nakubali, ingawa kinachowarudisha wengi kwenye sigara ni hamu, wala si kikohozi. Plasta za nikotini, yaani vibandiko vya ngozi vinavyotoa kidogo kidogo kileo cha sigara, husaidia.

Muulizaji: Ahsanteni, damu sijaona. Plasta hubandikwa hata usiku?

Jibu: Za saa 16 hubanduliwa wakati wa kulala, za saa 24 huachwa, japo baadhi ya watu huota ndoto za ajabu.