Guangzhou siku ya kwanza: kulala, sokoni, au kuzurura tu?

Mtoto wa Ngamiani
Wakuu habari za jioni. Tiketi nshakata, bado hoteli, na mwisho wa kulipia ni kesho. Nakwenda Guangzhou, China, kufuata mikoba na viatu, sijawahi kutoka nje ya nchi. Naambiwa siku ya kwanza mtu unakuwa zezeta kwa ajili ya tofauti ya saa. Nina njia tatu: nilipie chumba kuanzia usiku wa kuamkia siku ya kufika, nikitua niingie nilale, au niache begi mapokezi niende zangu sokoni, au nizurure mdogomdogo mpaka chumba kiwe tayari. Ipi bora?

Kahawa Chungu
Unatua saa ngapi? Unakaa muda gani? Unaunganisha ndege au moja kwa moja? Mbona unatuuliza bei bila kutuonyesha bidhaa.

Mtoto wa Ngamiani
Samahani. Natua saa 1 asubuhi ya kule, napitia Addis. Nakaa wiki moja.

Mzee wa Raskazone
Wiki moja halafu unataka kulala? Nenda sokoni kijana. Usingizi umejaa tele hapa Tanga.

Dada Mikoba
Mzee shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Mwenzangu mmoja tuliyesafiri naye alifanya hivyohivyo. Kutoka uwanjani, begi hotelini, moja kwa moja Sanyuanli kwenye soko la ngozi. Mimi nikabaki. Huko akaona mkoba umemkaa rohoni, muuzaji akamwandikia bei kwenye kikokotoo, akaitikia kwa kichwa, akatoa advansi ya katoni kadhaa. Jioni anatuonyesha risiti kwa furaha, tunasoma, bei ile ni ya mkoba mmoja, yeye kaielewa ya seti ya mitatu. Akarudi kesho yake, wakamwambia mzigo ushaanza kushonwa, advansi hairudi. Mwenzangu yule kwa hesabu humuwezi, duka lake lina miaka. Lakini siku ile alikuwa anaongea huku macho yanajifunga. Wiki nzima ikawa ya kulia na kukimbizana na mkalimani. Siku ya kwanza nenda kaangalie ukitaka, ila pochi iache hotelini.

Mzee wa Raskazone
Marahaba. Huyo kaponzwa na kikokotoo, si usingizi.

Kahawa Chungu
Mzee, usingizi. China yote inafuata saa za Beijing, wametutangulia kwa masaa matano. Saa 1 asubuhi yao, mwili wa huyu bwana uko saa 8 usiku wa Ngamiani. Na tabu kubwa inakuja usiku: saa 4 usiku ya kule kwetu ni saa 11 jioni, nani analala saa hizo? Kwa hiyo akilala asubuhi mpaka adhuhuri, usiku atahesabu boriti. Alale nusu saa, basi, tena aweke kengele. Kuna na jambo la jua ambalo wengi hawalijui. Ukisafiri kwenda mashariki, mwanga mkali ukikupata wakati mwili unaamini ni usiku wa manane, saa ya mwili inarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Huyu hadi kama saa 4 asubuhi ya kule akae kivulini au avae miwani ya jua. Kuanzia hapo hadi alasiri atoke nje aote jua sawasawa. Na kahawa mwisho adhuhuri, pamoja na jina langu hili.

BintiPangani
Mimi nasema njia ya tatu. Tafuta hoteli upande wa Xiaobei, chakula cha halali kipo na wageni wa Kiafrika wamezoeleka. Bustani ya Yuexiu haiko mbali, tembea humo taratibu, kisha kaswali. Guangzhou ina misikiti ya kale hasa. Ila hukusema, uko peke yako?

Mtoto wa Ngamiani
Niko na shangazi, ndiye mwenye mtaji mkubwa. Ana miaka 61, anameza dawa za presha.

Dada Mikoba
Haya! Hilo ndilo la kuanza nalo. Basi lipia hicho chumba cha mapema, usibane senti. Shangazi hawezi kukaa kwenye kochi la mapokezi mpaka saa 8 mchana.

Kahawa Chungu
Na kabla ya safari amwone daktari wake, amwambie dawa azimeze kwa saa zipi akifika. Asibahatishe. Kwenye ndege anywe maji na asimame mara kwa mara kunyoosha miguu.

Fundi Simu Chumbageni
Mnaongelea usingizi, mmesahau simu. WhatsApp na Google kule zimefungwa. Panga namna ya kuzipata ungali hapa, na Alipay, ile ya kulipia kwa simu, uiweke hapahapa. Ukifika umechoka, huwezi hata kumwambia mkeo umefika.

Mzee wa Raskazone
Zamani tulipeleka simu ya mdomo, wake hawakukimbia.

BintiPangani
😂 Na Dar mnaenda lini? Msipande basi siku ileile ya ndege. Hadi Chalinze shangazi keshachoka kabla hajaiona hiyo ndege.

Mzee wa Raskazone
Wapite Pangani, Saadani, Bagamoyo. Upepo wa bahari.

Fundi Simu Chumbageni
Mzee, barabara ya matengenezo hiyo na mama wa presha? Segera ni lami tupu.

Mzee wa Raskazone
Wewe umepita lini? Mimi nina shamba kule.

BintiPangani
Mimi ndio wa kule, na nasema wapite Segera.

Mtoto wa Ngamiani
Asanteni. Shangazi kasoma yote, anasema chumba cha mapema ni kutupa pesa, atalala kwenye ndege. Nambembeleza.

Dada Mikoba
Mwambie anipigie. Na mzigo mnapitisha bandari ya Tanga au Dar? Kama kuna nafasi kwenye kontena, nina vyerehani viwili vimekwama kwa wakala kule.