Wanja wa macho mawili haulingani, naombeni ushauri

Nuru_K: Habari zenu wapendwa. Jicho la kulia napaka wanja vizuri kabisa, mstari mwembamba na mkia umepanda kidogo. Nikihamia la kushoto, mkia unashuka au unakuwa mnene. Naongeza la kulia ili yalingane, narudi la kushoto, mwisho macho yote yamejaa weusi. Natumia wanja wa maji wenye kibrashi, na mkono wangu ni wa kulia. Karibuni nasimama na bibi harusi, picha zitapigwa za karibu. Nisaidieni.

Mama Pacha: Mdogo wangu, usimalize jicho moja ndipo uanze lingine. Weka mkia wa kushoto, weka wa kulia, linganisha, ndipo ujaze. Na anza na jicho linalokusumbua, maana kuliiga jicho gumu kwa jicho rahisi ni kazi nyepesi kuliko kinyume chake.

Zai: Swali kwanza, dada. Wakati wa kupaka unavuta ngozi pembeni kwa kidole?

Nuru_K: Ndiyo, navuta kuelekea sikioni, hasa la kushoto.

Zai: Basi anzia hapo. Ngozi ukiiachia inarudi mahali pake na mstari wako unarudi nayo, ndiyo maana mkia unashuka. Acha kuvuta. Weka kioo chini kidogo ya uso, inua kidevu, tazama chini kwenye kioo; ngozi ya juu ya jicho itanyooka yenyewe. Kiwiko kikae mezani, kidole kidogo kiegemee shavuni. Kwa jicho la kushoto geuza uso kidogo kuelekea kulia ili mkono usivuke pua.

Usichore mstari mmoja mrefu. Gusa vitone katikati ya mashina ya kope, kisha viunganishe kwa mipigo mifupi.

Bi Rehema: Zai kasema kweli, ila mkia wenyewe usiupime huku unatazama chini. Tazama mbele, macho wazi, uso umetulia. Weka kitone kidogo pale mkia unapotakiwa kuishia, kwenye njia inayotoka pembe ya nje ya jicho kuelekea mwisho wa nyusi. Fanya hivyo pande zote mbili, rudi nyuma hatua moja, tazama kwenye kioo. Vitone vikiwa sawa, chora kutoka kwenye kitone kurudi ndani.

Na ujue macho ya mtu hayafanani. Kama ngozi ya jicho moja imeinama zaidi, mstari wa unene uleule utaonekana mwembamba upande huo, kwa hiyo unaunenepesha kidogo. Kinacholingana ni kile mtu anachokiona ukiwa umefungua macho, si ukiwa umefumba.

Tausi: Mimi nabandika utepe wa gundi (selotepu) pembeni ya jicho, nachora juu yake, nabandua. Mstari unatoka kama wembe.

Bi Rehema: Tausi mpenzi, gundi inakwangua ngozi ile laini, na ukiibandika upande mmoja juu zaidi, kosa ni lilelile. Kijiti cha pamba chenye ncha kinatosha. Kiloweshe na dawa ya kutolea vipodozi, kikamue, kisha futa chini ya mkia kutoka ndani kwenda nje. Mkia mnene unachongeka hapohapo bila kuanza upya.

Zai: Nuru, kwa mazoezi tumia wanja wa penseli uliochongwa. Unafutika kirahisi. Ukishaipata njia, pitisha wa maji juu yake. Kama ngozi yako ina mafuta, pakaa poda kidogo kwanza, la sivyo wanja utahamia kwenye mkunjo wa juu.

Mama Pacha: Na wanja wa maji usiazimane siku hiyo, hata na bibi harusi. Maambukizi ya macho hupita hapo.

Nuru_K: Nimejaribu sasa hivi bila kuvuta ngozi, kwa vitone. Mikia iko sawa! Wa kushoto bado mnene karibu na pembe ya ndani.

Zai: Hapo anza katikati ya jicho kwenda nje, halafu rudi pembe ya ndani na kile kidogo kilichobaki kwenye brashi. Usichovye tena.