Tupeane uzoefu: Mto Ruaha Mkuu ukikauka, mnaishije?

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mvuvi wa Migoli, Iringa, nimekulia kwenye bwawa la Mtera, linalojazwa na mto huo. Mvua zinaanza, sisi bado tunasubiri, maana maji yanajaza kwanza Ihefu, lile bwawa la majani huko juu ya mto, Usangu. Siku maji ya tope yakifika, kambale wanapanda kwenye majani yaliyofunikwa, wanataga. Marehemu baba alitukataza kutega hapo majuma hayo, hata kama ndani hakuna unga. Leo wapo wanaokokota wavu wa kokoro palepale, na inaniuma sana. Kwenu ikoje?

Mama muuza samaki, Migoli
Kaka, umenigusa. Bwawa likirudi nyuma, nasi tunalifuata. Mwaka mmoja nilihamisha kibanda changu cha kubanikia mara tatu. Mwanzoni perege wamejaa dimbwini, bei inaanguka, mnawagawa kama bure. Baada ya hapo ni ukame wa mfukoni, na ada ya shule haisubiri mvua.

Aliyetoka Ihefu
Nimesoma nikanyamaza kwanza. Wazee wangu walikuwa na dago, yaani kambi ya uvuvi, Ihefu, wakitega kwa migono, mitego ya kusuka. Mwaka 2008 Usangu ikaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na uvuvi wetu ukaishia hapo. Sasa nalima mpunga Mbarali, hukohuko Usangu, kwa maji ya mifereji ya mto.

Niseme ukweli, ndugu yangu wa Migoli: maji unayoyasubiri, mengine yako shambani kwangu. Pale Ng'iriama, mto unapotokea Ihefu, kuna kizingiti cha mwamba. Ihefu ikishuka chini yake, mto hautoki tena. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi huko hifadhini. Kwetu mpunga ukishavunwa, mifereji mingi inabaki wazi, maji yanazagaa kwenye mabua. Tunasema ni ya kunywa na ya matofali. Lakini matofali hayahitaji mfereji mzima, jamani! Nimewahi kuteremka usiku na jembe kuziba tawi letu, asubuhi jirani akalifungua. Tuligombana, hatukusalimiana hadi msimu uliofuata.

Mvuvi wa Migoli
Ndugu, asante, sikuwahi kuyasikia haya kutoka kwa mtu wa juu. Sina kinyongo nawe, hata mimi nakula huo mchele. Naomba jambo moja: mkikaa kikao cha wamwagiliaji mwaka huu, nipe taarifa mapema. Nitapanda basi nije na wazee wawili wa huku. Nataka jirani yako atuone.