Naomba ushauri: gongo la besiboli la kompoziti kwa mtoto wa miaka 11

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mwanangu anacheza besiboli hapa Unguja, jioni akitoka chuoni. Gongo lake la alumini, inchi 29 na aunsi 19, limebonyea, na mpira ukigonga karibu na mshikio vidole vinakufa ganzi. Juzi nilimwona anaviminya, machozi yanamlengalenga. Iliniuma.

Shemeji yangu anakuja mwezi ujao kutoka Marekani. Anasema la kompoziti, yaani la nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu, hupunguza mtetemo, ila bei yake iko juu sana. Nimesoma kwamba lazima lizoeshwe kwanza, mapigo 150 hadi 200, ukilizungusha kidogo kila pigo, na kwamba baridi hulipasua. Baridi hapa hatuna. Hofu yangu ni mipira: masika hii imeloa mpaka imekuwa mizito.

Nilimjaribisha la mwenzake la inchi 31, akachelewa kila mpira.

Kwa waliowahi kununua: mpira ulioloa unaweza kulitia ufa kweli? Na kwa kuwa mtoto anarefuka, nichukue tena inchi 29, au 30 ya aunsi 20? Ahsanteni sana.