Wakili kama huna nafasi ya kesi ya mtu, usipokee hela yake ukamfungia faili kabatini!

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Mdogo wangu ana mambo matatu kwa wakati mmoja: talaka, watoto wanaogombewa, na madai ya fidia baada ya kugongwa na gari akivuka kwenye alama za waenda kwa miguu. Yote matatu yako kwa wakili mmoja. Siku anapokea malipo ya awali alimwambia, "Dada, haya niachie mimi, wewe nenda kapone." Sasa hivi ukipiga simu unaambiwa yuko mahakamani. Hata jioni, mahakama zikiwa zimeshafungwa, jibu ni hilo hilo. Ujumbe anausoma na hajibu.

Mtu aliyevunjika mkono, aliyeachwa na mume, ndiye anayefanywa aombe kama omba omba habari za kesi anayoilipia mwenyewe!

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kwenye madai ya kuumia muda ndio kila kitu. Sheria huweka ukomo. Uingereza kwa kawaida ni miaka 3 kufungua shauri. California ni miaka 2, na ukitaka kudai taasisi ya serikali, madai yako lazima uwe umeyapeleka kwao ndani ya miezi 6. Ufaransa wana miaka 10, inayohesabiwa tangu hali ya majeraha itulie. Ukipitisha ukomo, aliyekugonga hana haja tena ya kubisha kwamba alikugonga. Anaonyesha tarehe, shauri linatupwa. Halafu watu wanadanganyika kwamba maadamu bima "wanazungumza na sisi" basi mambo yanakwenda. Mazungumzo na bima kwa kawaida hayasimamishi muda. Bima wanalijua hilo vizuri kabisa, na wakili analijua. Asiyejua ni yule mwenye bandeji.

Na hao bima nao. Mtu wao alifika wodini mdogo wangu bado ana dripu. Akatoa karatasi yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho" na hela kidogo ya kumaliza jambo. Mkono wa kuandikia ulikuwa ndani ya plasta hadi kwenye vidole, akamwambia hawezi kusaini. Yule bwana akafungua kidau cha wino akasema dole gumba la mkono mwingine linatosha. Ni muuguzi aliyemtoa nje. Karatasi ya namna hiyo ukishaiwekea dole, ikija kugundulika baadaye kwamba mfupa umeunga vibaya na unahitaji upasuaji mwingine, kuifuta ni kazi ngumu sana. Ndiyo maana wanawahi kabla daktari hajajua ukubwa wa madhara. Nilimsimulia wakili siku hiyo hiyo. Alitakiwa awaandikie barua kwamba kuanzia sasa mawasiliano yote yapitie kwake. Hajaandika mpaka leo.

Sasa njooni kwenye watoto, hapa ndipo damu inanichemka. Mwanaume ana wakili anayefanya kazi yake. Wakaenda mahakamani na kiapo kinachosema mama hawezi kulea kwa kuwa hawezi hata kuinua sufuria, na wakaambatanisha ripoti ya daktari. Ripoti ya nani? Ya kwetu! Ile ile iliyoandaliwa kwa ajili ya madai ya fidia. Kwenye fidia unatakiwa uonyeshe umeumia kiasi gani, kwenye malezi unatakiwa uonyeshe unaweza kulea. Wakili mwenye mafaili yote mawili alipaswa kuliona hili mapema, amwombe daktari aeleze nini kinapona na baada ya muda gani, na nani anamsaidia mama nyumbani kwa sasa. Kiapo kile hakikujibiwa kabisa. Siku ya kusikilizwa hakutokea, akamtuma kijana wa ofisini aombe ahirisho, na kijana mwenyewe hakulijua hata jina la mtoto mkubwa. Hakimu akatoa amri ya muda kwa kile alichokuwa nacho mbele yake, watoto wakaenda kwa baba. Simlaumu hakimu. Lakini amri za muda tunazijua: watoto wakishazoea shule na nyumba nyingine, upande wa pili unakuja kusema waachwe walipo, wasisumbuliwe tena.

Kuna na suala la fidia yenyewe kuingia kwenye talaka. Majimbo mengi ya Marekani yanaangalia hela imelipwa badala ya nini: mshahara uliopotea wakati wa ndoa unaweza kuhesabiwa mali ya wote wawili, malipo ya maumivu yanabaki ya aliyeumia. Uingereza hawatengi hivyo, fidia huingia kwenye hesabu ya mali zote, ila mahitaji ya aliyeumia yanapewa uzito. Kwa hiyo namna hati ya makubaliano inavyoandikwa ina maana kubwa. Rasimu tuliyoletewa ilikuwa na jumla moja, basi. Matibabu hayakutengwa, kipato hakikutengwa, maumivu hayakutajwa. Upande wa pili ukiiona hiyo utadai nusu bila kupepesa macho.

Na ada. Kwenye madai ya kuumia, nchi kadhaa zinaruhusu wakili alipwe asilimia ya fidia endapo mtashinda. Marekani theluthi ni jambo la kawaida. Hilo sina ugomvi nalo, linamsaidia asiye na kitu apate wakili. Ila muulize mapema: theluthi ya jumla kabla ya kutoa gharama za madaktari na mahakama, au ya kinachobaki? Tofauti yake unaisikia mfukoni. Sisi tuliletewa mkataba ambao pia unampa wakili sehemu ya nyumba na ya matunzo vitakavyopatikana kwenye talaka. Matunzo ni chakula cha watoto! Kanuni za mfano za maadili za chama cha mawakili cha Marekani, kanuni ya 1.5, zinakataza kabisa ada inayotegemea talaka kupatikana au kiasi cha matunzo, na sababu iko wazi: wakili mwenye fungu lake humo hataki tena watu wapatane.

Wapo watakaoniambia tumwache, mdogo wangu ajisimamie mwenyewe. Someni kesi ya Airey dhidi ya Ireland. Johanna Airey alitaka kutengana kisheria na mume aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumshambulia. Hakuwa na hela ya wakili. Serikali ikajitetea kwamba mlango wa Mahakama Kuu uko wazi, aende mwenyewe. Tarehe 9 Oktoba 1979 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa utetezi huo. Ilisema haki lazima iwe ya kutumika kweli, na kwamba mtu aliye ndani ya mgogoro wa ndoa yake mwenyewe ni vigumu kuujengea hoja kwa utulivu mbele ya mahakama. Pamoja na hayo, kuanzia Aprili 2013 Uingereza na Wales ziliondoa msaada wa kisheria kwenye migogoro mingi ya kifamilia, wakabakizwa hasa wenye ushahidi wa ukatili nyumbani. Kwenye jinai mtuhumiwa anatafutiwa wakili, mama anayepigania watoto anaambiwa ajipange. Ndiyo maana akimpata wakili anang'ang'ana naye hata akitendewa hivi.

Wiki hii tumempelekea barua, akasaini kuipokea. Tunataka nakala ya faili zima, maelezo ya matumizi ya hela aliyopokea, barua zote za bima, na tarehe ya mwisho ya kufungua shauri la fidia kwa maandishi yake mwenyewe. Ombi la kupinga amri ya muda linaandaliwa na mwingine, mama mmoja ambaye kabla ya kutaja hela aliuliza kwanza watoto wanalala wapi.

Mawakili mliomo humu, msije na "kuna pande mbili za stori". Nijibuni hili: wakili wa zamani akisema hatoi faili mpaka alipwe salio, na ukomo wa madai unakaribia, mnamlazimishaje?