Diski ya Mac inagoma kwenye Windows, ndani yake kuna sauti ya bibi

Binti wa Ukara
Wakuu, habari za jioni. Nina diski ya nje ya kaka yangu, TB 1. Aliijaza kwenye Mac yake mwaka 2015, tulipovuka kwenda kisiwa cha Ukara kumrekodi bibi akitueleza habari za ukoo kwa Kikara. Bibi ameshatangulia mbele za haki, na Mac kaka aliiuza zamani. Nikiichomeka kwenye laptopu yangu ya Windows, taa inawaka, nasikia inazunguka, kisha naambiwa niifomati kwanza, yaani niifute na kuipanga upya, ndipo niitumie. Fundi mmoja hapa mjini alisema imekufa, tufomati tu. Nilimpokonya, nikapanda daladala nikarudi Nyegezi. Ni kweli imekufa?

Fundi Igoma
Haijafa, dada, na umefanya vizuri sana kuichukua. USIKUBALI KUFOMATI. Windows haijui tu kusoma mpangilio wa Mac wa kuhifadhi mafaili. Kwa mwaka huo mpangilio huo ni HFS+, maana ule mpya wa Mac, APFS, ulikuja 2017. Pakua programu ya HFSExplorer, ni ya bure, ila inataka uwe na programu nyingine, Java, ndipo ifanye kazi. Inasoma bila kuandika chochote kwenye diski, kwa hiyo haiwezi kukuharibia.

Mzee wa Kirumba
Mwanangu, mimi Java ilinisumbua. Weka Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi, washa laptopu kupitia flashi hiyo, uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Hapo usiguse kitufe cha kusakinisha. Kama kaka yako hakufunga diski kwa nywila, itatokea pembeni kama diski nyingine yoyote. Nakala usiiweke kwenye diski au flashi yenye mpangilio wa FAT32, haipokei faili la kuanzia GB 4. Tumia yenye mpangilio wa exFAT: Windows, Mac na Ubuntu zote zinaisoma.

Binti wa Ukara
Shikamoo mzee, na asante fundi. Nimefuata njia ya Ubuntu, diski imetokea! Faili moja la bibi lina GB 11, flashi yangu ya kwanza ikalikataa palepale, nikaazima diski ya jirani yenye exFAT. Bibi ameketi kwenye kigoda, ungo wa dagaa mapajani, anachambua mchanga huku anataja majina ya babu zake mmoja mmoja, akisahau anarudi mwanzo. Mama yuko hapa kando yangu. Kila bibi anaposita, mama anamtajia jina linalofuata.