Watano kati ya wanane walikuwa wamechanjwa

Kutoka: Mama Pacha
Jumatatu usiku

Shangazi shikamoo, na wengine wote habari za jioni. Mniwie radhi kwa kuwasumbua saa hizi.

Leo pacha wamerudi na barua ya shule. Surua imeingia. Wanafunzi 8 wameugua, na mstari wa tatu unasema 5 kati yao walikuwa wameshapata dozi zote mbili za chanjo. Nimeisoma mara nne nimesimama mlangoni, viatu bado miguuni. Baba yao akauliza swali moja tu: "Kama waliochanjwa ndio wengi, sisi tulihangaika na kliniki kwa ajili ya nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Mnaokumbuka, tulipohamia huku kadi za hawa watoto zilinitesa sana. Walichanjwa surua wakiwa na miezi 9, wakarudia na miezi 18, mihuri ipo, japo mmoja umefifia. Muuguzi akaweka kidole kwenye ile ya miezi 9, akasema hii hatuihesabu, akawachoma tena. Siku ile nililia. Nilihisi naambiwa kwamba nilikotoka watu hawajui kazi.

Halafu kuna mdogo wao. Ana miezi 8, chanjo hiyo bado, na leo saa 8 mchana niliingia naye darasani kuwachukua kaka zake. Tulikaa kama dakika kumi, na mmoja wa wagonjwa ni wa darasa hilo hilo, alikuwepo asubuhi hadi mchana. Shangazi, umefanya uuguzi miaka yote hiyo. Nianzie wapi?

Kutoka: Shangazi
Jumatatu usiku

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuandika usiku huu huu, kwa sababu la mtoto wa miezi 8 lina saa zake.

Kesho kliniki ikifunguliwa tu, piga simu. Usiende, piga kwanza. Waambie: mtoto wa miezi 8, hajachanjwa, amekaa chumba kimoja na mgonjwa wa surua Jumatatu saa 8 mchana. Chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 baada ya kukutana na ugonjwa inaweza kumkinga, au ikaupunguza makali, na kuanzia miezi 6 mtoto anaweza kuipata. Kwa hiyo mwisho wako ni Alhamisi saa 8. Zikipita hizo, ipo sindano ya kingamwili, yaani askari wa mwili wanaopigana na ugonjwa, ambayo nafasi yake ni hadi siku ya 6. Ipi inamfaa, wataamua wao. Jua tu kwamba dozi hii ya mapema haitaingia kwenye hesabu, akitimiza mwaka atachanjwa kama wenzake.

Nasisitiza simu kwa sababu virusi vya surua vinabaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Pale pa kusubiri wanakaa wajawazito, wanakaa watu wanaotibiwa saratani, na hao chanjo hii hawaruhusiwi kupewa.

Sasa barua. Haijadanganya, ila imekupa nusu ya hesabu. Imesema wagonjwa wangapi walichanjwa. Haikusema waliochanjwa wangapi ni wazima. Mwandikie mwalimu mkuu umuulize mawili: shule ina wanafunzi wangapi, na wasiochanjwa ni wangapi. Ukijibiwa, tuletee hapa.

Na ile ya miezi 9 itue moyoni, mwanangu. Mama humpa mtoto kingamwili zake akiwa bado tumboni, nazo hukaa kwenye damu ya mtoto kwa miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Ukimchanja mapema, kingamwili za mama huvizima virusi dhaifu vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujavisoma. Wakichanjwa na miezi 9, watoto kama 85 kati ya 100 hupata kinga. Ukingoja mwaka, wanazidi 90. Lakini palipo na surua nyingi hungoji, kwa sababu ugonjwa utamwahi mtoto. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 9 kwa nchi ambako surua bado inazunguka, na miezi 12 kule ilikopungua. Aliyekupigia ule muhuri alijua kabisa anachofanya. Dozi ya ziada nayo haidhuru: mwili wenye kinga unaizima tu.

Kutoka: Kaka wa Mabasi
Jumanne mchana

Shangazi shikamoo. Shemeji pole, Mungu amlinde mtoto.

Naomba niulize kwa niaba ya wengi. Mimi naendesha basi, nabeba watu kutwa. Kila mwaka nachanjwa mafua makali, na mwaka jana nililala wiki nzima. Korona nilichanjwa mara tatu, nikaugua mara mbili. Tuliambiwa asilimia 95. Mimi nilielewa kwamba kati ya watu 100 wataugua 5. Kazini kwetu tumeugua karibu wote. Sipingi chanjo, mama yangu mzazi nilimpeleka mwenyewe. Lakini nataka kuelewa, maana vijana kazini wananiuliza na mimi nababaika.

Kutoka: Mama Pacha
Jumanne jioni

Kliniki wamepokea. Kesho saa 3 asubuhi, na wamesema tupitie mlango wa nyuma, tusikae na wengine.

Mwalimu mkuu amejibu: wanafunzi 800, wasiochanjwa ni 12.

Kutoka: Shangazi
Jumanne usiku

Hizo ndizo namba nilizokuwa nazitaka. Mwite baba watoto mkae pamoja, mshike kalamu.

Wasiochanjwa 12. Wagonjwa 8, toa wale 5, wanabaki 3 wasiochanjwa. Kwa hiyo 3 kati ya 12 wameugua, yaani mmoja katika kila wanne. Waliochanjwa ni 788, na waliougua ni 5. Gawanya: mmoja katika kila 157 hivi. Mtoto asiyechanjwa hapo shuleni alikuwa kwenye hatari karibu mara 40 ya mwenzake aliyechanjwa. Wale watano wameonekana wengi kwa sababu wametoka kwenye kundi kubwa mno. Na fikiria hili: shule ingekuwa na watoto wote 800 wamechanjwa, hata angeugua mmoja tu, barua ingesema asilimia 100 ya wagonjwa walichanjwa.

Mbona hao watano waliugua basi? Dozi moja ya surua inakinga kama watu 93 kati ya 100, dozi mbili 97. Watu wengi hudhani ya pili ni ya kuongezea nguvu ile ya kwanza. Kwa surua, kazi yake kubwa ni kuwapata wale ambao ya kwanza haikushika. Wanabaki wachache ambao hata ya pili haikushika, na kwa sura huwezi kuwajua. Nimewauguza. Mtoto aliyechanjwa akiugua surua, mara nyingi homa yake huwa ndogo na upele unatokea mmoja mmoja, kiasi kwamba tulikuwa tukibishana kama ni surua kweli hadi majibu ya damu yarudi. Asiyechanjwa habishaniwi. Macho mekundu hataki mwanga, kikohozi hakimpi pumzi, upele umeanzia nyuma ya masikio na kushuka mwili mzima, na ukimfungua mdomo mapema unaona vidoa vyeupe kama punje za chumvi ndani ya shavu. Sijawahi kuzoea kuwaona.

Kaka, sasa wewe. Ile 95 wengi waliielewa kama ulivyoielewa, na nalaumu tuliokuwa tunaieleza. Ilitoka kwenye jaribio la chanjo ya korona ya Pfizer na BioNTech, mwaka 2020. Watu kama 43,000, nusu wakapewa chanjo, nusu wakapewa maji ya chumvi. Walioanza kuugua kuanzia wiki moja baada ya dozi ya pili walikuwa 162 upande wa maji ya chumvi na 8 upande wa chanjo. Hiyo 95 imetoka hapo: 8 ni pungufu ya 162 kwa asilimia 95. Haisemi kwamba watu 5 katika 100 wataugua: wale 8 walitoka kwenye kundi la zaidi ya watu 21,000. Ni ulinganisho wa waliochanjwa na wasiochanjwa, katika miezi ile, dhidi ya kirusi cha wakati ule.

Na kirusi kilibadilika. Sitakuficha hili, kwa sababu watu walipofichwa ndipo walipopoteza imani. Julai 2021, mjini Provincetown, Marekani, ulitokea mlipuko wa Delta, aina mpya ya kirusi cha korona. Wagonjwa 469, na 346 kati yao walikuwa wamekamilisha chanjo. Sehemu ya idadi hiyo ni hesabu ile ile ya shule ya pacha, maana waliochanjwa walikuwa wengi. Lakini si yote. Kinga ya kuzuia maambukizi ilikuwa kweli imepungua. Waliolazwa walikuwa 5, wanne wao wametoka kwenye wale 346 waliochanjwa, na hakuna aliyekufa. Hapo ndipo chanjo ilipokuwa bado inafanya kazi, kwenye kuzuia kitanda cha hospitali na kifo.

Mafua makali nayo hubadilika kila msimu, ndiyo maana aina za kuwekwa kwenye chanjo huchaguliwa upya mara mbili kwa mwaka. Msimu ambao uchaguzi umelenga vizuri, chanjo inapunguza hatari ya kufika kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Si surua hii. Kwa mtu anayebeba abiria kutwa, kuugua mwaka mmoja si ajabu. Kifaduro ni jambo jingine tena: kirusi hakihusiki, ni bakteria, na kinga yake hufifia kadiri miaka inavyopita, ndiyo maana wajawazito huchanjwa upya katika kila mimba.

Vijana wakikuuliza tena, waulize wao kwanza: wangapi, kati ya wangapi?

Kutoka: Mama Pacha
Jumatano mchana

Amechomwa saa 3 na robo. Alilia kidogo akanyamaza, sasa amelala. Tumeambiwa tumwangalie hadi siku ya 21, akipata homa au upele tupige simu kabla ya kutoka nyumbani. Baba yao jana alirudia ile hesabu mwenyewe nyuma ya bahasha, mara mbili, kisha akaniomba namba ya kliniki. Kumbe yeye kadi yake ya utotoni ilipotea na hajui alichanjwa dozi ngapi. Shangazi, ni lazima apimwe damu kwanza?

Kutoka: Shangazi
Jumatano jioni

Si lazima. Kama hana kadi na hana tatizo la upungufu wa kinga, wamchanje tu.